Watoto Arobaini na Watatu

1

Kwa mujibu wa Chekeche, Kabula Lushinge alikuwa mama wa watoto arobaini na watatu. Hakuwahi kuzaa.

Aliiona habari hiyo Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa mezani kwake katika masjala ya Mahakama ya Jimbo la Nyamabwe, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke. Hakuwa akijitafuta mwenyewe. Alikuwa akiwatafuta wagonga kokoto.

Alhamisi Chekeche lingechagua Baraza la Kumi na Wawili kwa ajili ya kesi ya Mugeta Bwire, mpasua mwamba wa Mlima Itale. Mugeta alishtakiwa kwa kumuua mpima ardhi kijana kwa uzembe. Baruti ilikuwa imelipuka, jiwe likaruka, kijana akafa palepale na simu mkononi. Raia kumi na wawili wangeketi, wangesikiliza, kisha wangesema ana hatia au hana. Wakisema anayo, ni miaka thelathini.

Sheria ilitaka wale kumi na wawili wafanane na jimbo lenyewe. Kila kundi la watu lenye zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya thelathini lilipewa kiti chake: wavuvi, wakulima wa mpunga, wachuuzi, wafugaji, watumishi, wote. Zamani, kazi hiyo ilipokuwa mikononi mwa watu, viti viliishia kwa waliojuana na karani. Kwa hiyo likaletwa Chekeche. Lilikuwa sanduku la rangi ya majivu, si kubwa kuliko cherehani. Lilijua kila dole gumba lililobonyezwa kwenye bomba la maji, zahanati na shule, na kutokana na madole hayo lilijua nani anaishi wapi, anafanya kazi gani, na kama ni mtu mzima. Halikujuana na mtu.

Kabula alilipenda. Yeye mwenyewe alipata kazi hii kwa sababu halikumjua. Alikuwa muuza uji aliyesoma madarasa ya jioni katika ukumbi wa kanisa, akafaulu kidato cha nne akiwa na miaka thelathini na sita, na Chekeche likampa nafasi kwa alama zake bila kuuliza yeye ni binti wa nani.

Sasa alisoma kioo mara ya tatu. Jimbo zima: watu wazima elfu tisa na mia sita. Ili kupata kiti, kundi lilihitaji zaidi ya watu mia tatu na ishirini. Mlima Itale: watu wazima tisa. Watoto yatima mia tatu themanini na wanane, chini ya walezi tisa.

"Tisa," alisema kwa sauti.

Bwana Rwechungura, mkuu wa masjala, aliinua macho kutoka kwenye gazeti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai iliyonyooka kila siku. "Tisa nini, Bi Kabula?"

Kabula alifungua mdomo, kisha akaliona jicho dogo la kijani juu ya sanduku. Chekeche lilisikia kila neno ndani ya jengo lile. Na neno la mtumishi wa mahakama, likisemwa mbele yake, lilihesabiwa kuwa limesemwa mbele ya jaji. Halikusubiri karatasi. Lilitekeleza hapohapo.

"Tisa... dakika tisa chai imepoa," alisema.

Rwechungura alimtazama, akakunja gazeti. "Twende nje tukanyooshe miguu."

Walisimama kwenye maegesho, kati ya pikipiki za mapolisi. Jua lilikuwa kali. Kabula alimweleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama.

Miaka saba iliyopita, mabomba mapya yalipofika mlimani, kila mtu aliitwa aandikishe dole lake. Wagonga kokoto walipanga mstari. Mashine ikakataa dole la kwanza, la pili, la kumi. Mtu akishika mawe miaka ishirini, mistari ya vidole inalika, ncha inabaki laini kama kijiko. Mwandikishaji alitoa jasho. Alikuwa na siku moja tu ya mlima ule. Akauliza kama yupo yeyote mwenye kidole kinachosomeka. Wakapatikana tisa: katekista, fundi wa redio, mwalimu wa madrasa, wengine watano, na Kabula aliyekuwa akikoroga uji pembeni. Fomu ilikuwa na sehemu moja tu inayomruhusu mtu mmoja kubonyeza kwa niaba ya wengi, nayo ilikuwa ya vituo vya kulelea yatima. Mwandikishaji akasema, "Hiyohiyo." Kila mgonga kokoto akapewa kibao kidogo cha kuvaa shingoni na kufungulia bomba, chenye taa ya kijani, na kila Jumatatu mlezi wake alibonyeza dole ili kibao kiendelee kuwa hai kwa wiki nzima.

"Na wewe unabonyeza mpaka leo?" aliuliza Rwechungura.

"Jana nimebonyeza."

"Ukiwa karani wa mahakama."

"Ndiyo, Bwana."

Rwechungura alifuta jasho shingoni. "Miaka mitano, mama. Kutoa taarifa ya uongo ya tegemezi. Unaijua ibara yenyewe, umeichapa mara ngapi?"

"Naijua. Hilo silo linaloniogopesha zaidi. Mlezi akitiliwa shaka, vibao vyake vinazimwa siku hiyohiyo. Na Chekeche likiona mmoja, litakwenda kwa wale wanane. Mlima mzima hautakuwa na maji."

"Basi umeshajibiwa. Nyamaza."

"Na Mugeta?"

"Mugeta atahukumiwa na watu kumi na wawili waaminifu ambao hakuna aliyewachagua kwa hila. Unataka nini, wamweke ndugu yao pale amwokoe?"

"Sitaki aokolewe, Bwana. Nataka awepo mmoja anayejua."

"Anayejua nini?"

Kabula alijaribu kueleza, akaona jinsi maneno yanavyosikika ya kijinga kwenye maegesho yale, akaacha.

2

Alasiri alipanda mlimani kwa miguu. Aliusikia kabla ya kuuona. Nyundo mia tatu, kila moja na mwendo wake, na zote pamoja zikitoa sauti kama mvua inayonyesha juu ya bati na haikati.

Wanawake walikaa chini ya vivuli vya magunia, kila mmoja na lundo lake, jiwe likishikwa ndani ya pete ya mpira wa tairi ili lisiruke. Walipomwona walianza palepale.

"Mama kaja! Mama, umeleta pipi?"

"Mama, huyu kanipiga!"

"Mama, nataka kwenda haja!"

Mwanamke aliyesema hilo la mwisho alikuwa na wajukuu wanne. Siku nyingine Kabula angecheka. Leo alitabasamu kwa shida, akaenda moja kwa moja kwa Bi Sundi Ng'wandu, aliyekuwa akigonga bila kutazama jiwe. Bi Sundi alikuwa na miaka sabini na moja, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya watoto wake.

"Shikamoo, mayu," alisema Kabula, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani na kupiga goti kidogo.

"Marahaba, mzazi wangu. Mbona umekonda? Mahakama hawakulishi?"

Kabula aliketi juu ya debe lililogeuzwa. Alieleza yote: watu wazima tisa, kiti kilichokosekana, vibao. Bi Sundi aliendelea kugonga mpaka mwisho.

"Nani atakaa kwenye hivyo viti?"

"Wavuvi wawili. Wakulima watatu. Wachuuzi, mwalimu, mhasibu wa bandari..."

"Na mwendesha mashtaka anasemaje?"

"Anasema hapakuwa na onyo. Ana mashahidi sita waliokuwa barabarani. Wote wameandika kwamba hawakusikia filimbi, hawakusikia kengele, hawakusikia mtu akipiga kelele. Hawakusikia kitu."

Nyundo ya Bi Sundi ilisimama hewani. "Si ndiyo hivyo? Hawakusikia kitu!"

"Wao hawajui, mayu."

Kabla Bi Sundi hajajibu, mwanamme mmoja juu ya mwamba aliinua mkono. Mwanamke wa karibu naye akaweka nyundo chini. Halafu wa pili. Kimya kilishuka mlima kama kivuli cha wingu, lundo hadi lundo, mpaka nyundo ya mwisho kabisa ikanyamaza, na watu wote wakawa wamekwisha simama na kuondoka, wakatambaa nyuma ya ukuta wa mawe na kuinamisha vichwa. Kabula naye alikuwa ameinama. Hakukumbuka kuinuka kwenye debe.

Hivyo ndivyo Mlima Itale ulivyokuwa ukionyana tangu enzi za wazazi wao. Kengele gani ingesikika katikati ya nyundo mia tatu? Kitu pekee kilichosikika pale ni kunyamaza. Kimya kilipokamilika, mpasua mwamba alitakiwa kusubiri kwa urefu wa Baba Yetu moja, tangu mwanzo hadi amina, ndipo awashe utambi. Waislamu wa mlimani walisoma Alhamdu mara mbili polepole. Urefu ulikuwa uleule.

Kabula alisali pamoja nao, midomo ikigusa vumbi. Amina. Ardhi ikatetemeka tumboni mwake, na vipande vikaanguka mbali, kwa mpangilio, pasipo na mtu.

Nyundo zilirudi moja moja.

"Yule kijana wa watu alisimama," alisema Bi Sundi akijipangusa magoti. "Sisi wote tumeshajificha, yeye kasimama katikati kama mlingoti, anatazama simu yake. Nilimwita. Nadhani alifikiri namsalimia, maana alinipungia mkono." Aliokota nyundo yake. "Naota ule mkono."

"Kwa hiyo Mugeta hana kosa?"

"Nani kasema? Mugeta ana haraka toka utotoni. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye kiti hicho, ningemuuliza swali moja tu: ulisali ukafika wapi? Kama aliishia kwenye mkate wa kila siku akawasha, aende jela, nami nitampelekea nguo. Kama alifika amina, arudi nyumbani." Alimtazama Kabula. "Hao wavuvi wako watamuuliza hivyo?"

"Hawatajua kuuliza."

Bi Sundi alichukua jiwe jipya, akaliweka ndani ya pete ya mpira, akaligeuza mpaka akapata mshipa wake.

"Mwaka ule tulipokunywa maji ya ziwa tulizika watu thelathini na mmoja," alisema. "Wajukuu zangu wawili wakiwemo. Mugeta ni mmoja. Usiseme, Kabula."

Halikuwa ombi. Kabula aliaga, akashuka, na nyuma yake hakuna aliyetania tena.

3

Jumatano hakula. Alikuwa amezoea kumwomba Mungu mambo yanayoeleweka: afaulu hesabu, mguu wa dada yake upone. Sasa alipiga magoti kabla ya kwenda kazini, uso ndani ya godoro, na hakujua aombe lipi. Akiomba ujasiri, je, ni ujasiri wa kusema au wa kunyamaza? Akiomba haki, ni ya nani? Mtu mmoja ndani ya chumba chenye nondo, au watu mia tatu themanini na wanane wakiinama kwenye maji ya kijani ya ziwa?

Akajiuliza pia jambo baya zaidi: je, nahofia maji yao, au nahofia cheo changu na hii sketi nyeusi niliyoinunua kwa mshahara wa kwanza? Alilitazama swali hilo muda mrefu. "Bwana, nichuje," alisema mwishoni, na akaenda kazini.

Wajibu wa karani siku ya kuchagua baraza ulikuwa mfupi. Chekeche lilitoa majina kumi na mawili. Karani aliyasoma. Kisha alitamka kiapo: *Naapa kwamba orodha hii ni sura ya kweli ya watu wa jimbo hili, nami sina neno la kuongeza.* Akabonyeza dole. Baada ya dole lake, hakuna mahakama yoyote ingeweza kuuliza tena baraza lilipatikanaje. Alikuwa ametamka maneno hayo mara kumi na tisa katika miaka mitatu. Je, mara hizo kumi na tisa zilikuwa kweli?

4

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mugeta alikaa kizimbani, mdogo kuliko Kabula alivyomkumbuka, mikono mikubwa ikiwa imelala magotini. Upande wa kulia alikaa mama yake yule mpima ardhi, katika kitenge cha msiba, ameshika picha. Kabula hakuweza kumtazama zaidi ya mara moja.

Viti vya nyuma vilikuwa vya watu wa mlimani. Walikuja wengi, wameoga, vibao vyao vya kijani viking'aa juu ya nguo za Jumapili. Bi Sundi alikaa katikati. Alikuwa ameketi wima na hakumpa Kabula ishara yoyote.

"Bi Karani, tuendelee," alisema Jaji Mwanaheri Shekimweri. Alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti kavu, anayependa mambo yaishe kwa wakati.

Kabula aliwasha kioo cha mezani, kando ya Chekeche lililoletwa kutoka masjala. Majina kumi na mawili yalikuwa tayari. Chini yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mlezi, kioo kilikuwa kimeleta taarifa yake ya maji ya wiki, kama kilivyofanya kila Alhamisi. Alitaka kuipitisha. Jicho lake likashika namba za maji yaliyobaki.

Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Vibao vyote arobaini na vitatu vilikuwa vimechota maji ya wiki nzima kwa siku moja, jana, kati ya saa nane na magharibi. Aliita ukurasa wa mlima. Katekista, sifuri. Fundi wa redio, sifuri. Kila debe, kila pipa, kila sufuria ya Mlima Itale ilikuwa imejazwa. Maji ya siku nne, labda tano kwa kubana, hata vibao vikizimwa.

Aliinua kichwa. Bi Sundi bado hakumpa ishara. Alikuwa akitazama dari.

"Bi Karani."

"Ndiyo, Mheshimiwa." Alisoma majina kumi na mawili. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu wake. Mvuvi. Mvuvi. Mkulima. Mhasibu. Rwechungura, kwenye kiti cha pembeni, alimwitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayemsaidia mtu kuvuka ubao. Majina yakaisha.

"Kiapo," alisema Jaji.

Kabula alifungua mdomo. Siku nne za maji. Baada ya hapo je? Miaka mitano. Yule mama na picha. Alilitafuta neno *Naapa* na halikuwepo mdomoni. Kitu pekee kilichokuwepo, kikija chenyewe bila kuitwa, kilikuwa sala ya mlimani. Aliianza moyoni kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Ukumbi ulitulia. Feni ilizunguka. Mwendesha mashtaka alikohoa, akaacha.

Alifika kwenye mkate wa kila siku. Aliendelea.

"Bi Kabula, unaumwa?"

Hakujibu. Akafika amina.

Ndipo zikasikika sauti za viti nyuma, vikisogea vyote kwa pamoja. Jaji aliinua uso. Watu wa mlimani walikuwa wametoka mahali pao. Hakuna aliyewaamuru, na nyuso zao zilionyesha hawakuwa wamekusudia. Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya viti, wanaume kwa wanawake, mikono juu ya vichwa. Kizimbani, Mugeta alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa mbao. Katika ukumbi mzima, waliobaki wameketi walikuwa ni wale tu ambao hawakujua.

"Hawa watu wana nini?" aliuliza Jaji. "Nani amewaambia wainame?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Kabula. "Nimenyamaza."

Aliona jicho la kijani la Chekeche likimwelekea. Rwechungura alikuwa ameziba uso.

"Mlimani kwetu kimya ndiyo kengele. Hakuna hata mmoja katika hawa kumi na wawili anayejua hivyo, kwa sababu orodha hii si ya kweli, na nina neno la kuongeza." Alishika ukingo wa meza. "Kumbukumbu zinasema mimi ni mlezi wa yatima arobaini na watatu. Sina yatima. Ni watu wazima. Nimewabonyezea dole kila Jumatatu kwa miaka saba, nikijua. Walezi wa mlimani wapo wengine wanane, nao wana wengine mia tatu arobaini na watano, na wote ni watu wazima. Baadhi yao wapo pale nyuma, Mheshimiwa. Wanaopaswa kuwa na kiti ni hao."

Chekeche halikusubiri karatasi. Taa ya kwanza ilizimika shingoni mwa Bi Sundi. Kisha ya jirani yake, kisha ya yule wa wajukuu wanne, na kuendelea, kiti hadi kiti, mpaka viti vya nyuma vikawa giza la nguo tu. Hakuna aliyelia. Mtu mmoja aligusa kibao chake, kama mtu anayegusa jino lililong'oka.

Askari alikuja akasimama kando ya Kabula. Hakumshika. Alimtazama Jaji.

Jaji Shekimweri hakuwa akimtazama askari. Alikuwa akimtazama Mugeta, aliyekuwa bado amepiga magoti, kisha yule mama mwenye picha, ambaye naye alikuwa ameinuka nusu, amegeuka kuwaangalia wale waliochuchumaa, mdomo wazi. Ilionekana kama mama yule anamwaza mtu aliyesimama wima peke yake mahali fulani, na simu mkononi.

Bi Sundi alikuja mbele. Alitembea polepole, akivua kibao chake njiani. Alikiweka mezani, kisha, bila kuomba ruhusa, akabonyeza dole lake juu ya Chekeche. Sanduku liliwaza. Kioo kikaandika: *Hakuna mtu.*

"Basi andika kwa mkono," alimwambia Jaji. "Sundi Ng'wandu. Miaka sabini na moja. Mgonga kokoto."

Jaji alikaa kimya kwa muda, na wachache nyuma wakainamisha vichwa tena. Kisha akafungua droo, akatafuta, akatoa kalamu. Ilikataa kuandika. Akaipuliza ncha, akajaribu tena pembeni mwa jalada mpaka wino ukaja.

"Baraza hili limevunjwa," alisema. "Karani atabaki chini ya ulinzi. Bwana Rwechungura, nataka mabomba ya Itale yafunguliwe kwa amri yangu kabla ya Jumatatu. Sijui kama lile sanduku litanisikiliza, lakini wewe utanisikiliza." Alivuta karatasi tupu. "Sundi nani, umesema?"

"Ng'wandu."

Aliandika. Nyuma ya Bi Sundi mstari ulikuwa umeanza kujipanga, kama siku ile ya mabomba. Kabula, askari akiwa ubavuni mwake, alimsikia kila mmoja akitaja jina lake na miaka yake, na kila jina lilipotajwa alikuwa na mtoto mmoja pungufu.

"Anayefuata," alisema Jaji.